Fidla Zilizokuja na Maneno Yao

Ukimtajia neno okestra mtu aliyelelewa na muziki wa dansi, hatawaza fidla hata moja. Atawaza Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, au Super Mazembe wa Nairobi: magitaa matatu yakipokezana, tumba, saksafoni, tarumbeta, na mwimbaji anayetaja majina ya waliokaa meza za mbele. Neno lilitujia na wanamuziki wa Kongo, na kwa Kifaransa chao maana yake ilikuwa bendi tu. Basi mhakiki wa Ulaya au Marekani anapoandika kwamba bendi fulani ya roki imetoa albamu yenye sauti ya okestra, sikio letu linapotea njia. Linauliza: kwani siku zote walikuwa nini?

Yeye anasema kitu kingine. Watu wanne au watano wenye magitaa ya umeme na seti ya ngoma wamekodi wapiga fidla, viola na selo (dada zake fidla wenye sauti nzito zaidi) na tarumbeta, watu waliosomea noti, wakawaingiza ndani ya nyimbo zao. Ndugu wa karibu tuliye naye hapo ni taarab asilia. Aliyewahi kuwasikiliza Ikhwani Safaa wa Unguja, klabu ya tangu 1905, anajua safu ya fidla inavyomjibu mwimbaji kabla hajavuta pumzi ya mstari wa pili. Ila kuna tofauti moja, na ndiyo chanzo cha mkanganyiko wote. Kwenye taarab mpiga fidla ni mwanachama. Anamjua mwimbaji, anaujua wimbo, juzi walikuwa pamoja mazoezini. Kwenye albamu ya roki anaingia studio asubuhi, anakuta karatasi imewekwa kwenye stendi, anapiga, anasaini fomu ya malipo, anakwenda zake. Huenda hata jina la wimbo asilijue.

Ndiyo maana albamu nyingi za namna hii zimenenepa bila kunawiri. Fidla zimekaa juu ya wimbo kama vitambaa vya kufuma juu ya makochi: vinapendeza, mwenye nyumba anajivunia, na ukiviondoa kochi linabaki kochi lile lile. Mimi hupima albamu hizi kwa kochi. Navitoa vitambaa kichwani mwangu, nasikiliza kilichobaki. Kama hakuna kilichopungua isipokuwa urembo, fidla zilikuja kupiga picha tu.

Ipo albamu moja inayoufaulu mtihani huo kuliko zote ninazozijua, na kwa kuifungua mtu anaweza kuelewa kazi yote hii inavyofanyika na kwa nini mara nyingi haifanikiwi. Ni Forever Changes ya bendi ya Love ya Los Angeles, iliyotolewa na kampuni ya Elektra mnamo Novemba 1967.

Love hawakuwa watu wa kutarajiwa. Elektra ya Jac Holzman ilikuwepo tangu 1950 na ilijulikana kwa nyimbo za kiasili za gitaa moja na sauti moja. Love ndio walikuwa bendi yake ya kwanza ya roki. Kiongozi, Arthur Lee, alikuwa Mmarekani mweusi mzaliwa wa Memphis. Johnny Echols wa gitaa la solo, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa mweusi pia. Bryan MacLean wa gitaa la pili, Ken Forssi wa besi na Michael Stuart wa ngoma walikuwa weupe. Bendi ya mchanganyiko huo, Marekani ya 1966, ikiongozwa na mtu mweusi, ilikuwa jambo la kugeuza shingo. Na muziki wao ulikuwa wa vurugu. Wimbo wao uliopanda juu zaidi sokoni, namba 33, unakwenda mbio kama mtu anayekimbizwa na mbwa na karibu na mwisho unalipuka kwa sauti ya bomu. Upande mzima wa albamu yao ya pili ulijazwa na kipande kimoja cha karibu dakika 19. Ungeambiwa mwanzoni mwa 1967 kwamba watu hawa watatoa albamu ya magitaa makavu na fidla, ungecheka.

Hata hivyo upepo ulikuwa umeshaanza kuvuma upande huo. Mwaka 1965 The Beatles walirekodi wimbo wa Paul McCartney, gitaa lake na wapiga nyuzi wanne tu, kwa mpango wa prodyuza wao George Martin, na wimbo huo ukawa maarufu duniani kote. Kuanzia hapo kila kampuni ya rekodi ilijua kwamba fidla haziwafukuzi vijana. Swali likabaki moja: unaziweka wapi?

Majibu yalikuwa ya namna mbili tatu, na inafaa kuyatenganisha kwa sababu wahakiki huyafunga yote kwenye furushi moja.

Jibu la Brian Wilson wa The Beach Boys lilikuwa kuwaweka wenzake pembeni. Wakati alipokuwa anajenga albamu ya Pet Sounds, mwanzoni mwa 1966, bendi yake ilikuwa ziarani Japani. Yeye alibaki Los Angeles na wanamuziki wa kukodi, akawapigisha karibu kila kitu: filimbi, akodiani, pembe, hata kengele za baiskeli. Wenzake waliporudi walikuta muziki umekwisha, kazi yao ikawa kuimba. Matokeo ni ya ajabu kwa uzuri, sibishi. Lakini bendi, kwa maana ya watu watano wanaopiga vyombo vyao, imo kwa sehemu ndogo sana.

The Moody Blues wa Uingereza walifanya kinyume. Albamu yao Days of Future Passed ilitoka mwezi ule ule wa Forever Changes, na huwa inatajwa kama mama wa muziki wa roki na okestra. Isikilize kwa makini. Okestra ya Peter Knight inapiga, inanyamaza, bendi inaingia, inamaliza, okestra inarudi. Ni majirani wawili wenye adabu, kila mmoja kwenye baraza lake. Na fidla unazozisikia ndani ya nyimbo za bendi, mara nyingi si fidla. Ni Mellotron ya Mike Pinder: kinanda ambacho kila kibao chake kinavuta kipande cha tepu chenye sauti ya fidla zilizorekodiwa kabla, kwa sekunde nane hivi, halafu tepu inakwisha na lazima uachie. Sauti yake ni ya majonzi ya namna yake, kama fidla zinazosikika kutoka ndani ya kisima. Wengi wameipenda miaka yote hii wakidhani ni okestra.

Love walichagua njia ngumu kuliko zote: bendi yote ibaki, okestra yote iingie, na wasizungumze kwa zamu.

Kwa nini ni ngumu? Hapa ni lazima tuingie kidogo kwenye sauti yenyewe. Gitaa la umeme lililotiwa mkwaruzo halina haya. Noti moja inayotoka kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho haibaki noti moja. Inazaa sauti nyingine juu yake, na hizo zinazaa nyingine, mpaka nafasi yote ya hewa kati ya besi na matoazi inajaa. Ndio utamu wa roki, na ndio balaa la fidla. Uzi mnene wa fidla unatetema mara 196 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa unatetema mara 82, na mwembamba kabisa, kabla hujaugusa kwa kidole, mara 330. Kwa maneno mengine, sakafu ya fidla iko ndani ya chumba ambacho gitaa limeshakalia. Selo nayo inashuka hadi 65, kwenye eneo la besi. Sasa weka gitaa lenye mkwaruzo, halafu mwambie mpiga fidla apige. Atapiga kwa nguvu zake zote na utakachosikia ni kama mtu anapiga mswaki chumba cha pili.

Mafundi mitambo wengi hulitatua hilo kwa njia ya mkato. Wanazipandisha fidla juu kabisa, kule ambako gitaa halifiki, zinakuwa kama filimbi ya birika. Au wanasubiri gitaa linyamaze, ndio fidla zinaingia kwenye kiitikio. Vitambaa juu ya kochi.

Kuna la pili, la wakati. Gitaa likikung'utwa, sauti inazaliwa kubwa na kuanza kufa papo hapo. Fidla inazaliwa polepole chini ya upinde na inaweza kuishi kadiri mkono unavyotaka. Mpiga ngoma wa roki anagonga mbele kidogo ya mdundo, ana haraka. Wapiga nyuzi waliozoea kumtazama kondakta, yule anayeiongoza okestra kwa mkono, huwa nyuma kidogo. Wakikutanishwa bila hadhari, wimbo unachechemea kama mkokoteni wenye gurudumu moja bovu.

Uamuzi wa Arthur Lee uliomaliza sehemu kubwa ya matatizo haya ulikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: aliondoa umeme. Karibu albamu nzima inabebwa na magitaa makavu, yale ya tumbo la mbao. Gitaa kavu lina mwanzo mkali, tak, kisha linapungua na kuacha uwazi, na ndani ya uwazi ule fidla inapita bila kumkanyaga mtu. Echols, ambaye alikuwa na uwezo wa kubomoa ukuta kwa gitaa la umeme, aliruhusiwa mara chache. Ameruhusiwa kwenye wimbo wa pili, "A House Is Not a Motel", ambao hauna fidla kabisa, na unavyoishia kwa magitaa yakipigana unaelewa ni simba wa namna gani aliyekuwa amefungwa kamba kwenye nyimbo nyingine.

Huko kufunga kamba hakukuja kirahisi. Kazi ilipoanza, Juni 1967, bendi ilikuwa hoi, kwa dawa za kulevya na kwa kutosikilizana. Neil Young, wakati huo wa Buffalo Springfield, alikuwa awe prodyuza mwenza, kisha akajitoa. Bruce Botnick, fundi mitambo kijana aliyebaki na mzigo pamoja na Lee, alifanya kitu cha kikatili: aliwaita wanamuziki wa kukodi, wale wale wa kundi lililompigia Brian Wilson, akiwemo Hal Blaine kwenye ngoma. Wakarekodi nyimbo mbili siku hiyo huku wenye bendi wakitazama. Inasimuliwa kwamba wengine walilia. Kama lengo lilikuwa kuwaonyesha kwamba wanaweza kubadilishwa kama tairi, ujumbe ulifika. Walikwenda kufanya mazoezi, wakarudi, na nyimbo tisa zilizobaki kati ya 11 wakazipiga wenyewe. Nadhani hapo ndipo albamu ilipookolewa. Ingepigwa yote na mafundi wa kukodi ingekuwa safi mno. Ile hali ya watu watano wanaojibana, wanaopiga polepole kuliko walivyozoea na kwa woga kidogo, inasikika kwenye kila wimbo, na fidla zilipokuja zilikuta kitu cha kuzungumza nacho.

Zilikuja Septemba, mwishoni kabisa. Hapa inabidi nimtaje mtu ambaye kwenye simulizi nyingi hupewa mstari mmoja: David Angel, mpangaji wa ala. Kazi ya mpangaji haieleweki vizuri kwetu, na hata kwao. Si mtunzi, maana wimbo upo. Si kondakta, ingawa anaweza kusimama mbele. Ni mtu anayeamua kwamba neno hili la mwimbaji litafuatwa na selo, hili litaachwa peke yake, hapa viola itashika noti ambayo gitaa halinayo ili wimbo uonekane una huzuni ambayo magitaa hayajaitaja. Kisha anayaandika yote kwa kila mpigaji karatasi yake. Kosa lake hugharimu, kwa sababu wapigaji wa chama cha wanamuziki cha Marekani hulipwa kwa vipindi vya saa tatu, na saa ya ukutani haijui kusamehe.

Lee hakuwa anaandika noti. Alikaa na Angel kwa takriban wiki tatu, akampigia na kumwimbia sehemu za fidla na tarumbeta kama alivyozisikia kichwani, na Angel akaziweka kwenye karatasi, akiongeza ya kwake. Hii ndiyo tofauti ninayoitafuta. Kwa kawaida albamu inamalizwa, halafu mtu wa kampuni anasema, tutie fidla hapa. Lee alizitaka tangu mwanzo. Nyimbo zilitungwa zikiwa na mashimo, na mashimo yale yalikuwa na umbo la fidla.

Na halikuwa jeshi kubwa. Ukisikiliza unaweza kudhani ukumbi umejaa watu, kumbe wapiga nyuzi na pembe wote pamoja walikuwa dazani moja hivi: fidla chache, viola, selo, besi kubwa la kusimama, tarumbeta na tromboni. The Beatles, mapema mwaka huo huo, walikusanya wanamuziki 40 studio kwa ajili ya wimbo mmoja. Unono wa sauti hautokani na idadi. Unatokana na kila chombo kuwa mahali ambapo hakuna mwingine.

Chukua wimbo wa kwanza, "Alone Again Or", ambao ni wa MacLean. Mama yake alikuwa mcheza flamenko, na gitaa linaloufungua lina Uhispania ndani yake, mikono inayogeuka na visigino sakafuni. Mahali ambapo bendi nyingine yoyote ya 1967 ingemwita mpiga solo wa gitaa, inapanda tarumbeta, wazi na yenye fahari, kama ya mchezo wa ng'ombe. Nyuma yake fidla zinasukuma. Kifanye kile kipimo changu cha kochi: itoe tarumbeta, zitoe fidla. Kinabaki kijana mwenye gitaa anayelalamika kwamba usiku wa leo tena atakuwa peke yake. Ni wimbo mzuri bado, ila ni mdogo, wa chumbani. Pembe ndizo zinazompa yule kijana kiburi, na kiburi ndicho kinachofanya upweke wake uume. Inachekesha kwamba kwenye mchanganyo wa mwisho sauti ya pili ya Lee iliwekwa juu kuliko ya MacLean mwenye wimbo. Hata kwenye upweke wake hakuachwa peke yake.

Jambo la ndani zaidi liko kwenye nyimbo za Lee. Aliyaandika maneno haya akiishi kwenye nyumba iliyo juu ya vilima vya Los Angeles, akiwa na miaka 22, akiamini kabisa kwamba atakufa hivi karibuni. Chini bondeni vijana walikuwa wanavaa maua na kutangaza mapenzi. Vita vya Vietnam vilikuwa kwenye televisheni kila jioni. Yeye anaimba kuhusu kukaa kilimani akiwatazama watu wanakufa. Anaimba jinsi damu inavyokuwa ya kijivu ikichanganyika na matope. Wimbo mmoja unaanza na kamasi zilizokauka kwenye suruali. Na sauti anayoyaimbia haya yote ni laini, ya mtu mstaarabu, karibu ya mwimbaji wa hoteli.

Msikilizaji asiyejua Kiingereza, na wengi wetu tulizisikia nyimbo za Kiingereza kwa muda mrefu kabla ya kuzielewa, angeapa kwamba "The Red Telephone" ni bembelezo. Mimi niliisikia hivyo kwa miaka. Nilipokuja kuyafuata maneno nilirudi kuzisikiliza fidla upya, na nikakuta kumbe zilikuwa zinajua tangu mwanzo. Hazikai sawasawa juu ya akodi, zile noti ambazo gitaa linazipiga kwa pamoja. Zinakaa pembeni kidogo, zinashuka wakati sauti inapanda, kama mama anayetabasamu mbele ya wageni huku akimfinya mtoto chini ya meza. Wimbo unaishia kwa sauti za watu wakisema kwa mdundo kwamba kuna wanaofungiwa leo na ufunguo unatupwa, nani atakuwa wa kesho, wewe au mimi.

Hii ndiyo kazi ambayo magitaa ya umeme yasingeweza kuifanya. Gitaa lenye mkwaruzo likipigwa chini ya maneno ya kutisha, linakubaliana nayo. Msikilizaji anaambiwa mara mbili kwamba mambo ni mabaya. Fidla tamu chini ya maneno hayo hazikubali wala hazikatai, na mtu anabaki hajui amwamini nani. Utamu ndio unaotisha. Wapenzi wa taarab hawatahitaji kuelezwa sana hapa. Kijembe kikali kuliko vyote huimbwa kwa sauti ya asali, na fidla ndizo zinazokipeleka hadi kwa mlengwa.

Kuna pia ufundi mmoja wa maneno ambao naamini msomaji wa Kiswahili anaweza kuufurahia kuliko Mmarekani. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili una jina refu linalotaja mitaa ya Clark na Hilldale, ambako kati yake, kwenye barabara ya Sunset, ndipo ulipo ukumbi wa Whisky a Go Go walikokuwa wanapiga. Ndani yake Lee anafanya hivi: kila ubeti unapofika mwisho, neno la mwisho, lile lenye kina, halisemwi. Anakata. Muziki unapita pale alipotegemewa. Kisha ubeti unaofuata unaanza na neno lile lile. Sisi tunaijua bahari hiyo ya ushairi. Ni jamaa wa pindu, ubeti ukimaliza mkia wake unakuwa kichwa cha ubeti mwingine, kama nyoka. Tofauti ni kwamba washairi wetu husema neno mara mbili, na Lee anaweka ukimya mahali pa mara ya kwanza. Ukimya ule una mlinzi: pembe. Tarumbeta zinashika pumzi ambayo mwimbaji ameiachia, na kwa sekunde hiyo ni kama zinalijua neno na hazitaki kusema. Ziondoe, na ule mchezo wote unaonekana kama mtu aliyesahau mistari yake.

Nyimbo si zote zimefika kiwango hicho. "Bummer in the Summer" ni kichekesho kinachokimbia, na sijawahi kuelewa kinafanya nini pale. "Old Man" ya MacLean ina fidla ambazo, kwa kipimo changu, ni vitambaa. Vizuri, lakini vitambaa. Ule wenye mwuza aiskrimu kwenye jina lake unanipendeza kwa sababu fidla hazipigwi kwa upinde bali zinadonolewa kwa vidole, kama matone kwenye bati, halafu mwishoni kabisa sauti inakwamakwama kama santuri iliyokwaruzwa. Walionunua 1967 bila shaka wapo walioinuka kwenda kutazama sindano.

Na albamu inafungwa na "You Set the Scene", karibu dakika saba, nyimbo mbili zilizoshonwa kuwa moja. Sehemu ya kwanza inakwenda kwa besi ya Forssi inayorukaruka. Ya pili inapunguza mwendo, na Lee, mtu anayesubiri kufa, anasema kwamba huu ndio wakati wake na atakabili kila siku kwa tabasamu. Pembe zinapanda nyuma yake ngazi kwa ngazi. Hapo, kwa mara ya kwanza kwenye albamu yote, okestra na mwimbaji wanakubaliana. Baada ya nusu saa na zaidi ya fidla zenye shaka, makubaliano yale yanapiga kifuani kwa uzito ambao yasingekuwa nao kama zingekuwa zinamwitikia ndiyo tangu wimbo wa kwanza.

Sokoni ilianguka. Marekani ilifika namba 154. Uingereza waliipenda zaidi, namba 24, mwaka uliofuata. Sababu hazina fumbo. Love hawakupenda kusafiri nje ya California, na hata wangesafiri, wangeipigaje? Bendi ya watu watano haiwezi kubeba fidla na tarumbeta kwenye gari la vyombo, na matangazo ya Elektra yalikuwa yanakwenda kwa The Doors, bendi ambayo ni Lee mwenyewe aliyemshawishi Holzman akaitazame. Mwaka 1968 bendi ile ya watu watano ilivunjika.

Njia waliyoifungua imepitiwa na wengi tangu wakati huo, wengine wakijua na wengine bila kujua. Arctic Monkeys wa Sheffield, walioanza na magitaa ya kasi ya vijana wa mtaani, walifika 2022 na albamu ya The Car, fidla zimetanda, gitaa limerudi nyuma kama mtu anayepisha wazee. Wapenzi wao wa zamani walinuna. Nami niliisikiliza nikiwa na kochi langu tayari, na kwa haki niseme vitambaa vingi vilikataa kutoka.

Lee hakufa akiwa na miaka 22. Aliishi, akapanga bendi nyingine kwa jina lile lile, akashuka, na mwaka 1996 akafungwa gerezani California kwa kosa la silaha, chini ya sheria inayomwongezea adhabu mwenye makosa ya zamani. Mtu aliyeimba kuhusu ufunguo unaotupwa alikaa ndani mpaka Desemba 2001. Forssi na MacLean wote walifariki 1998 yeye akiwa huko.

Januari 2003 alisimama Royal Festival Hall, London, na vijana wa bendi ya Baby Lemonade, akaipiga Forever Changes yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyuma yao walikaa wapiga nyuzi na pembe waliotoka Stockholm. Kwenye rekodi ya usiku ule sauti yake imekwaruzika kidogo, ya mtu wa miaka 57. Wimbo wa mitaa ya Clark na Hilldale unapofika kwenye neno lililokatwa, anakata. Tarumbeta zinaingia pale pale zilipoandikiwa mwaka 1967.